Neno Lililoandikwa Juu ya Mguu Wangu

Nakuru, Ijumaa mchana

Imali, mama,

Salamu sitaandika, maana nakusikia hapo nje ukicheka na mama yako mkikung'uta blanketi, na sijui namna ya kumsalimu kwa barua mtu ninayemsikia akicheka. Garimoshi lako ni kesho asubuhi. Nimeomba ruhusa ya nusu siku ghalani, nikamwambia nyapara nina kazi nyumbani. Kazi yenyewe ndiyo hii. Nimeianza mara mbili kwa wino nikaharibu karatasi, sasa naandika kwa penseli.

Mambo ya sanduku, ya sabuni, na ya nani wa kumwuliza njia ukishuka stesheni, mama yako amekwisha kuyasema na atayasema tena kesho. Mimi nina jambo moja. Unakwenda kujifunza ualimu, na barua ya chuo inasema utafundisha Kiingereza. Nilifurahi niliposikia. Halafu nikakaa kitandani nikakasirika, na hasira yenyewe haikuwa juu yako. Ilikuwa juu ya neno moja la Kiingereza ambalo nimeishi nalo miaka mingi. Unalijua. Ndilo nililokupigia kofi.

Hatujawahi kulizungumza kofi lile. Ulikuwa na miaka kumi. Leo nataka ujue lilitoka wapi, na siwezi kukueleza bila kukurudisha Elburgon, ulipokuwa bado unabebwa mgongoni.

Nilitoka Maragoli nikiwa kijana nikaandikwa kazi kwenye kiwanda cha mbao. Kazi yangu ilikuwa magogo. Malori yalishuka kutoka msitu wa Mau yakiwa yamejaa miti, sisi tunafungua minyororo na kuyasukuma magogo kwa mitaimbo mpaka kwenye msumeno. Mwenye kiwanda alikuwa Mzungu mrefu mwenye mbwa wawili wekundu, nasi tulimwita Bwana Mbwa. Hakuwa mtu wa kupiga watu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wengi hudhani mtu hawezi kukuumiza mpaka ashike kiboko.

Asubuhi moja ya mvua mnyororo ulikatika kabla hatujasogea. Gogo la mtarakwa likashuka peke yake, likapita juu ya mguu wangu wa kulia, likaenda likasimama kwenye matope kama halikufanya kitu. Wenzangu wanne walinibeba juu ya ubao. Walinipitisha mbele ya dirisha la ofisi ya Bwana Mbwa, na yeye alikuwa amekaa pale anaandika. Nilimwona akiinua macho. Kisha akayashusha. Dresa wa kiwanda akanifunga mguu kwa vipande vya mbao na kitambaa, akasema utapona. Ulipona, lakini ulipona vibaya. Kisigino hakikugusa chini tena, na vidole vikageukia ndani. Unauona kila siku ninapovua viatu.

Wakati ule mtu aliyechechemea hakukaa kazini. Nilikuwa nimeona wawili wakiambiwa chukua vitu vyako. Kwa hiyo niliporudi kazini nilijifunza kutembea upya. Niligundua kwamba nikinyoosha mgongo, nikaweka mikono nyuma, na kuutupa mguu pole pole kama mtu anayewaza jambo, kuchechemea hakuonekani. Nilifanya mazoezi nyuma ya nyumba jioni baada ya jioni. Mama yako alisimama pale, wewe mgongoni, ananitazama.

"Bado," alikuwa akisema. "Bega linashuka."

Narudia.

"Bado. Sasa umeuma midomo."

Ikafika siku akasema, "Haionekani." Tulikula ugali siku ile kama watu wa sikukuu.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, Imali, na naliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Maumivu niliyopewa na gogo la Bwana Mbwa nikamficha Bwana Mbwa, nisije nikamsumbua. Kila hatua niliyopiga katika uwanja ule ilinichoma mpaka kwenye paja, na uso wangu ulikuwa umetulia kama wa mtu aliye kanisani. Nilidhani nimekuwa mwerevu.

Baada ya miaka minne kazi ilipungua, tukaachishwa watu kadhaa. Bwana Mbwa aliniita ofisini akanipa barua ya kuonyesha mahali pengine. Alikuwa na uso mzuri. Akasema, "Hii barua mzuri, Hezroni. Wewe onyesha kila bwana." Nikaipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa najua kusoma Biblia ya Kiswahili, na ya kwetu pia, lakini Kiingereza nilijua maneno ya kazi tu. Barua ilikuwa fupi. Nililitambua jina langu. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia, tukahamia Nakuru, hapa Bondeni.

Sasa nisikilize vizuri. Okelo jirani yetu, unayemwita Baba Okelo, alikuwa amekwisha kupata kazi ya upagazi stesheni, na anafahamiana na makarani. Aliniambia, "Lete hiyo barua isomwe, ujue umebeba nini." Nikamjibu kwamba naijua. Nikamwambia imesema mimi ni mtu mwaminifu na mfanyakazi hodari. Nilijifanya najua. Niliona aibu kumwambia Mjaluo wa umri wangu kwamba siwezi kusoma mistari mitatu. Hilo ni kosa la pili, na ndilo lililonigharimu zaidi, kwa sababu la kwanza nililazimishwa na njaa, lakini la pili nililichagua.

Nilizunguka na barua ile. Nilikwenda Njoro, nikaenda mashamba ya upande wa Kiamunyi, nikafika mpaka Longonot kwa lori la maziwa. Kila mahali mambo yalikuwa yale yale. Ninasimama mlangoni nimevua kofia. Mzungu anaisoma barua. Anafika mwisho, midomo inacheza kidogo, ananitazama miguu. Halafu ananirudishia: "Hapana kazi." Shamba moja memsahib aliisoma akacheka, akamwita mumewe kutoka ndani, naye akaisoma akacheka pia. Mume akaniambia, "Hebu tembea mpaka kwa mlango ile." Nikatembea. Nilitembea kwa ule mwendo niliofundishwa na mama yako, mgongo wima, mikono nyuma, kwa sababu nilidhani wanataka kujua kama mimi ni mzima. Wakacheka zaidi. Mimi nami nikacheka. Niliamini kuna sifa fulani ndani ya karatasi ile inayowafurahisha Wazungu, na kwamba siku moja mmoja wao atafurahi mpaka anipe kazi.

Kila nikikumbuka kwamba nilicheka nao, penseli hii inataka kutoboa karatasi.

Sasa tumefika kwako. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Ulikuwa darasa la nne, na mwalimu wenu alikuwa amesema unasoma Kiingereza kuliko wavulana. Kesho yake nilikuwa niende kuomba kazi kwenye shamba jingine. Nikasema leo nitasikia sifa zangu zikisomwa ndani ya nyumba yangu, mbele ya mke wangu. Nikaitoa barua, nikakuita, nikakuambia, "Haya, mwalimu, tusomee."

Ulisimama katikati ya chumba. Ulisoma pole pole kwa Kiingereza, kisha ukatueleza kwa Kiswahili. "Hezroni amefanya kazi kwangu miaka mitano. Hanywi pombe. Haibi." Mama yako akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha ukafika mstari wa mwisho, na uso wako ukang'aa kwa sababu ulikutana na neno unalolijua.

"He strolls," ukasoma. "Baba, neno hili liko kwenye kitabu chetu."

"Linasema nini?"

"Linasema unatembea kwa raha. Kwenye kitabu kuna baba na mama wa Kizungu, wana-stroll kando ya mto siku ya Jumapili. Hawana haraka. Hawaendi mahali."

"Hawaendi mahali," nikarudia.

"Hivi, Baba," ukasema. Ukanyoosha mgongo, ukaweka mikono nyuma, ukainua kidevu, ukatembea kutoka meza mpaka kitandani, pole pole, unautupa mguu.

Mimi nikajiona. Nilimwona mtu yule aliyekuwa akitembea mbele ya memsahib na mumewe. Nilielewa mara moja vicheko vyote, Njoro, Kiamunyi, Longonot, vyote vikaniingia pamoja. Na wewe ulikuwa unageuka kurudi, unatabasamu, unangoja nikusifu. Nikainuka nikakupiga kofi.

Hukulia. Ulinitazama tu. Mama yako alikushika mkono akakutoa nje, na aliporudi hakusema na mimi mpaka Jumanne.

Kesho yake sikwenda kule shambani. Wiki hiyo hiyo nikapita mbele ya ghala la nafaka karibu na reli, nyapara amesimama mlangoni anatafuta mtu wa kushona magunia. Hakuuliza barua. Aliuliza, "Unaweza kukaa kitako kutwa?" Nikamwambia naweza. "Onyesha mikono." Nikamwonyesha. Ndiyo kazi niliyo nayo mpaka leo, na ndiyo iliyokusomesha. Kwa muda mrefu sikulitamka neno lile. Lakini nikikaa na sindano ya gunia, kila mshono ulilitaja.

Mwishowe nikamwambia Okelo, na ilibidi nimwambie pia kwamba nilimdanganya. Hakunicheka. Alikwenda kumwuliza karani mmoja pale stesheni, akaja na jibu akiwa amelishika akilini kama ujumbe wa msiba.

"Ni kutembea bila haraka na bila shughuli," akasema. "Karani anasema Wazungu wenyewe wanalipenda. Wakishiba wanalifanya. Wakioana wanalifanya. Mtu akitoka hospitali daktari anamwambia akalifanye. Halina ubaya hata kidogo."

"Mbona walinicheka?"

"Hapo ndipo nilipomwuliza tena. Anasema ni la mtu mwenye wakati wake mwenyewe. Ukilisema juu ya mtu wa kazi, akiwa kazini, umemwita mvivu, ila umemwita kwa adabu. Ndiyo maana linachekesha."

Halafu Okelo, unajua alivyo, akasema, "Sasa Jumapili twende tukalifanye. Tuone kama nasi linatutosha."

Tukaenda. Tulivaa makoti yetu ya kanisani, tukapanda ile barabara ya juu inayopita kwenye nyumba za Wazungu, kule kunakoonekana ziwa chini likiwa na ukingo wa rangi ya waridi wa makundi ya ndege. Mimi na wewe na mama yako tukisema tumekwenda kutembea, maana yake tumekwenda kumwona mtu, tutakaribishwa, tutapewa chai. Siku ile tulikuwa tunatembea bila mtu mwishoni. Nakuambia ukweli, ilikuwa tamu. Hewa ilikuwa safi, na Okelo alikuwa akinieleza habari za ng'ombe wa baba yake. Mbele yetu kulikuwa na Mzungu na mkewe na mtoto wao mdogo, nao wanatembea. Mwendo wetu na wao ulikuwa mmoja. Ningeweza kukuapia kwamba hatua zetu ziligusa chini pamoja.

Gari la polisi likatupita, likawapita wale, likasimama, likarudi nyuma. Likawapita wale tena. Likasimama kwetu. Ilikuwa miaka ile serikali ilipotangaza hali ya hatari, na hata sisi tuliotoka magharibi ya nchi tulijua kutulia mbele ya polisi, ingawa Wakikuyu ndio walioteseka kwa namna isiyoandikika hapa. Ndani mlikuwa na afisa wa Kizungu na askari wawili.

"Mnakwenda wapi?" askari akauliza.

"Tunatembea," nikasema.

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Kutembea tu," Okelo akasema. "Kama wale pale."

Askari hakumtafsiria afisa maneno yale ya mwisho, na nadhani alituonea huruma. Afisa akasema neno moja la Kiingereza, na halikuwa lile la kitabuni mwako. Askari akatugeukia akasema, "Mnazurura." Tukapandishwa garini na vipande vyetu vya kitambulisho vikachukuliwa. Tulikaa chini kwenye uwanja wa polisi mpaka jua likaelekea kuzama, makoti yetu ya kanisani yamejaa vumbi, ndipo tukaambiwa twende na tusionekane tena kule juu. Yule Mzungu na mkewe walikuwa wamepita kando yetu tukipandishwa gari. Mtoto wao alitupungia mkono.

Imali, sikulala vizuri wiki ile. Si kwa ajili ya vumbi. Ni kwa sababu nilikuwa nimeuona mchezo wote. Barabarani, siku ya Jumapili, nimevaa koti, naona ziwa, nafanya kwa kweli kile ambacho neno lile linasema, neno hilo nikanyimwa. Uwanjani mwa magogo, kila hatua ni moto, sifanyi kitu chochote cha raha, neno hilo hilo nikapewa, likaandikwa kwa wino, nikatumwa kulitembeza mimi mwenyewe. Wana neno moja zuri kwa ajili yao. Kwetu wakalifanya dhihaka mahali pamoja, na mahali pengine wakaweka neno la jela badala yake. Na miguu ni ile ile.

Jumamosi iliyofuata nikapanda garimoshi kwenda Elburgon. Mama yako nilimwambia nakwenda kumwona rafiki. Barua nilikuwa nayo mfukoni. Nilitaka kitu kimoja: Bwana Mbwa alifute neno lile, aandike kwamba gogo lake liliniangukia mguuni.

Nilimkuta jioni kwenye njia ya kando ya uwanja, na wale mbwa wekundu, mmoja ameshazeeka. Alikuwa anatembea. Mikono nyuma.

"Wewe nani?" akauliza.

"Mimi Hezroni, bwana."

"Hezroni gani?"

"Wa magogo. Bwana aliniandikia barua."

Akaipokea, akaivuta karibu na macho. Alipofika mwisho akatabasamu, akakumbuka, si mimi, bali jinsi alivyolipata lile neno. "Ndiyo. Mimi andika hii. Sasa shida gani?"

"Neno la mwisho, bwana."

"Neno hii hapana baya. Mimi pia nafanya kila jioni. Ona." Akaonyesha njia, mbwa, miti. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ananieleza, kama mtu anayemweleza mgeni jina la mlima.

"Mimi sikuwa nafanya," nikasema. "Mguu wangu ulivunjwa na gogo la bwana. Mnyororo ulikatika."

"Gogo gani?"

"La mtarakwa. Wakati wa mvua. Nilibebwa kwenye ubao mbele ya dirisha lako. Uliniona."

Alifikiri. Nilimtazama akifikiri, na nikaona kwamba kweli hakumbuki. Alikuwa amekumbuka mwendo wangu vizuri hata akautafutia neno, lakini ubao ule na mtu aliyelala juu yake havikuwemo kichwani mwake hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kusahau sikuwa nimejiandaa nako.

"Kwa nini wewe hapana sema?" akauliza. "Mimi naona mtu natembea kama bwana mkubwa, mimi najua namna gani iko mgonjwa?"

Hapo, mama, alinikamata, na lazima nikubali. Nilikuwa sijasema. Nilikuwa nimefanya mazoezi ili asijue. Lakini niambie, mtu anayejua kwamba waliochechemea walifukuzwa siku hiyo hiyo, angesema nini, na amwambie nani? Nikamwambia hivyo. Nikamtajia wale wawili kwa majina yao. Akatazama pembeni.

"Andika habari ya gogo, bwana," nikasema. "Mstari mmoja."

"Hapana. Nikiandika hii, watu nafikiri kiwanda yangu mbaya." Akatoa kalamu, akaiweka barua juu ya goti, akalikata lile neno kwa mistari mingi, mpaka likawa kidonda cheusi mwishoni mwa karatasi. "Basi. Sasa imekwisha. Kwaheri, Hezroni."

Haikuwa imekwisha. Mtu yeyote ambaye angeitazama karatasi ile angesema, huyu aliiba, na habari hiyo ikafutwa. Lakini nikaipokea, kwa mkono mmoja safari hii, nikageuka kuondoka.

Nilijua ananitazama. Mgongo ukanyooka wenyewe. Mikono ikaanza kwenda nyuma. Nilikuwa nimepiga kama hatua kumi nikitembea ule mwendo, mbele ya mtu yule, bila mtu kuniamuru, ndipo nikasimama. Nikashusha mikono. Nikauacha mguu ufanye unavyotaka. Bega likashuka, nikachechemea kwenye njia yake kutoka pale mpaka getini, na sikuharakisha, ili apate nafasi ya kutosha ya kuona. Tangu siku ile natembea hivyo, popote, mbele ya yeyote. Ulidhani mguu ulinizidia ghafla. Haukunizidia. Niliacha kuuficha.

Huko uendako watakuandika, Imali. Kila muhula watatafuta neno la kukufupisha, na baadhi ya maneno yatakuwa mazuri ukiyatazama kitabuni. Usiwe kama mimi, usibebe karatasi usiyoijua. Uliza, hata kama wa kumwuliza ni mtu ambaye hungependa akuone hujui. Na wewe nawe utaandika. Atakuja mtoto anayechelewa, au anayetembea pole pole kwenda ubaoni, na utakuwa na kalamu mkononi na umechoka. Sitakuambia ufanye nini. Wewe ndiye mwalimu. Nimekuambia tu yaliyonipata.

Sasa sehemu iliyonifanya nitupe zile karatasi mbili.

Ndani ya garimoshi la kurudi kutoka Elburgon, kesho yake asubuhi, nilikuwa nawaka. Nilisema moyoni, mtu huyu ameniharibia miaka mitatu, nimesimama mbele yake, na hata neno la pole halikumtoka. Nilimhukumu njia nzima. Nilifika nyumbani, nikakukuta umekaa mlangoni na kitabu chako cha Kiingereza, unasoma umefunga midomo. Tangu lile kofi ulikuwa unasoma hivyo, macho yanakwenda na sauti haitoki, na mimi nilijua kwa nini. Uliinuka ukanipisha. Nikapita. Nikaingia ndani nikamwomba mama yako maji ya kunawa.

Nilimkasirikia Mzungu kwa kutoniomba msamaha, na siku hiyo hiyo nikakupita wewe mlangoni. Yeye alikuwa na kisingizio kwamba amesahau. Mimi sikuwa nimesahau hata siku moja.

Ulisoma sawasawa, mama. Ulieleza sawasawa, na ulipoinuka kuonyesha ulionyesha sawasawa. Katika watu wote walioshika barua ile wewe peke yako ndiye uliyeniambia ukweli, na uliniambia kwa furaha kwa sababu ulidhani ni sifa, na ulitaka baba yako awe na sifa. Mimi nikakupiga. Naomba unisamehe. Nilidhani mzazi haombi.

Barua hii siipeleki posta. Nikimaliza mstari huu nitakuita uingie, nikupe mkononi, nami nitakaa hapa kwenye kiti hiki mpaka uimalize.

Baba yako,
Hezroni